Mita 60 ziwahusu wote
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, katazo hilo humfikia mwananchi kama alama nyekundu ya X ya kubomolewa ukutani, miaka mingi baada ya msingi kuchimbwa. Na karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa palepale bondeni, eneo la Jangwani, ikafurika mara kwa mara. Mwenye chumba kimoja tutamwambia nini?

Wapo wanaosema watu ni wabishi: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji, wengine wakarudi bondeni. Ni kweli, lakini riziki yao ipo Kariakoo, na kiwanja hakilipi nauli. Serikali izuie tofali la kwanza, si nyumba iliyokwisha kuezekwa. Na anayehamishwa apewe makazi karibu na kazi yake.