Tolstoy Asitupimie Ardhi

Nampenda Tolstoy, lakini nina ugomvi naye. Ugomvi wenyewe ni juu ya hadithi fupi aliyoiandika mwaka 1886, ambayo kwa Kiswahili naiita "Mtu Anahitaji Ardhi Kiasi Gani?"

Niliisoma kwa Kifaransa nikiwa bado mwanafunzi Pweto. Mkulima Pahom anaambiwa na Wabashkiri kwamba kwa ruble 1,000 atapewa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kutwa nzima, mradi arudi alipoanzia kabla jua halijatua. Anazunguka, anaongeza, anakimbia, anafika na kufa papo hapo. Anazikwa katika shimo la urefu wake. Mwalimu alitwambia tuandike daftarini: tamaa mbele, mauti nyuma.

Mwaka 2017 tukakimbia sisi, ila hatukukimbilia ardhi, tulikimbia tukaiacha. Leo tunakaa Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018 hapa wilayani Nchelenge. Desemba iliyopita, uvuvi ukiwa umefungwa katika Ziwa Mweru na jioni zikiwa ndefu, niliwasimulia majirani hadithi hiyo kwa Kiswahili. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyeacha shamba lake la mihogo ng'ambo akaniuliza: "Mwanangu, huyo aliyeitunga, yeye alikuwa na ardhi?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Alikuwa nayo, mzee wangu. Tolstoy alizaliwa kabaila mwaka 1828, katika shamba la ukoo wake, Yasnaya Polyana, na wakulima wa humo walikuwa mali ya bwana wao hadi utwana ulipofutwa Urusi mwaka 1861. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wapo watakaonijibu kwamba aliwafungulia watoto wa wakulima shule palepale kwake mwaka 1859, kwamba utajiri ulimsumbua moyo, na kwamba mwaka 1910 alizikwa chini ya tuta lisilo na msalaba wala jina. Yote ni kweli, na ndiyo maana nampenda. Lakini hata tuta hilo liko katika ardhi aliyozaliwa. Makaburi ya babu zetu sisi yamebaki ng'ambo ya ziwa.

Tena, tuusome vizuri mwanzo wa hadithi. Pahom hakuamka siku moja akajikuta na tamaa. Nyapara wa bibi mmoja mwenye shamba alikuwa akimtoza faini kila mara mifugo yake ilipovuka mpaka. Tolstoy aliliona jambo hilo na akaliandika mwenyewe, kisha mwishoni akalisahau. Pahom kahukumiwa, nyapara hakuulizwa neno. Hapo ndipo kinyongo changu kilipo.

Aliyenituliza ni Mrusi mwingine. Babu yake Chekhov alikuwa mtwana aliyejikomboa kwa fedha yake, yeye na jamaa yake, mwaka 1841. Mjukuu huyo mwaka 1898 aliandika hadithi ya mtumishi wa serikali aliyejinyima miaka mingi ili anunue shamba. Naye Chekhov hamsifu mtu huyo. Lakini ndani yake yumo mhusika anayesema kwamba kipimo kile cha kaburi ni cha maiti. Aliye hai anahitaji dunia nzima. Kumbe mjukuu wa mtwana alikwisha kubishana na kabaila, miaka mingi kabla ya mzee wetu!

Kwa hiyo wanaosema tuachane na Warusi kwa kuwa hawatuhusu, siwaungi mkono. Wanaotaka tuwasome tumepiga magoti, siwaungi mkono vilevile. Gogol tumekwisha kumpata kwa Kiswahili, katika tamthilia ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Basi hadithi hizi mbili nazo zitafsiriwe na kuwekwa katika kitabu kimoja, kabaila upande huu, mjukuu wa mtwana upande ule. Mzee wa Mantapala asomewe zote mbili, kisha aamue mwenyewe mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Yeye anajua bei yake.