Herufi za Brashi na Kadi ya Kipaimara

Ukitembea kutoka stendi ya mabasi ya Moshi hadi soko la Mbuyuni, huna budi kuziona herufi ninazotaka kuzizungumza leo. Zimelala kidogo upande wa kulia, zimeshikana mikono, shina nene na mkia mwembamba, kana kwamba mtu amechovya brashi katika kopo la rangi akaandika upesi bila kuinua mkono. Zipo juu ya milango ya saluni, katika vioo vya magari yapandayo Kibosho na Marangu, na zaidi ya kote katika kadi za michango na za sherehe. Ni herufi za uchangamfu. Humwambia mpita njia kwamba humu ndani hapana urasmi, karibu ukae.

Aghalabu siku hizi si brashi iliyoziandika, bali kompyuta ya steshenari. Wala jambo hilo la kuigiza mkono kwa chapa si la jana. Mwaka 1942 Mmarekani Robert E. Smith alibuni herufi zilizoitwa Brush Script kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoa zake, Mistral, alizozitoa katika mwandiko wake mwenyewe. Haikuwa kazi nyepesi, maana enzi zile kila herufi ilikuwa kipande cha madini peke yake, na mkia wa moja ulipaswa kukutana sawasawa na nyingine yoyote itakayopangwa kando yake.

Lakini lugha yetu ina miguu mingi. Chukua neno Mbuyuni lenyewe, au mnunuzi, au mwanamume. Herufi m, n, u na w, zikiandikwa kwa kuunganishwa, zote huwa vijiti vilivyosimama na kuegemeana, na msomaji hana budi kuvihesabu kama mtu ahesabuye fito za uzio. Tena a imejaa kila mahali. Fundi wa mabango aandikapo harusi ya Amani, a ya kwanza haifanani na ya mwisho: hii huibana kwa sababu ya jirani yake, ile huiachia mkia kwa kuwa neno limekwisha. Kompyuta mara nyingi hurudia a ile ile, na jicho huchoka pasipo kujua sababu.

Haya nimeyajua kwa aibu. Mjukuu wetu alipopata kipaimara, mimi ndiye niliyetumwa kuchapisha kadi za chakula cha kumpongeza. Kijana wa steshenari alinionyesha aina nyingi za herufi, nami nikachagua za brashi kwa kadi nzima: jina, siku, ukumbi na saa. Zilipendeza kweli. Kadi moja ilipanda mlimani kwa mama mkubwa, aliye na miaka themanini.

Mama mkubwa alijifunza kusoma ukubwani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata Kilimanjaro ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga kabla ya mwaka kwisha. Kina mama walitoka kukata majani ya ng'ombe, wakaketi jioni mbele ya ubao. Herufi walizofundishwa zilisimama wima, kila moja mbali na mwenzake. Kwa herufi hizo amesoma kitabu chake cha sala hadi leo.

Siku ya sherehe alishuka kwa gari la kwanza. Tulipofika tukamkuta ameketi kwenye ngazi za ukumbi uliofungwa, kanga mabegani, tangu saa 1 asubuhi. Ile 7 niliyoilaza kwa brashi aliisoma 1. Hakulalamika. Aliniambia tu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilidhani nimesahau kusoma. Niliona haya kumwuliza mtoto."

Wiki hiyo nilikwenda kuzungumza na mzee mmoja achoraye mabango mjini, mmoja wa wachache waliobaki. Alikuwa akiandika ubao wa bucha. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akaegemeza kifundo cha mkono juu ya fimbo, kisha jina la mwenye bucha akalitupa kwa brashi, mara moja, likang'aa. Alipofika kwenye bei ya kilo, alibadilisha brashi na kuandika tarakimu nene, wima, zisizogusana. Nilimwuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Jina ni la kupendeza," akasema. "Bei ni ya kusomwa."

Basi mwezi uliopita, kwa kadi ya harusi ya binti yetu, nilirudi steshenari. Majina ya maharusi nikayaacha katika herufi za brashi, nayo yamekaa vizuri sana. Siku, mahali na saa tukaziandika kwa herufi za kawaida zilizosimama. Kijana alinung'unika kidogo kwamba kadi imepoa. Nikampelekea mama mkubwa yake kwa mkono wangu. Aliishika mbali kidogo na uso, akaisoma yote kwa sauti hadi mwisho, kisha akaniuliza kama chakula kitakuwapo mapema safari hii.