KELELE ZA SIMU SI KURA

Wako wenzetu wanaoamini kwamba ukitaka kujua nani atashinda uchaguzi, wewe fungua simu tu uhesabu laiki. Mimi napinga. Simu hutuonyesha nani anasema sana. Haituonyeshi nani atapiga foleni.

Tutazame uchaguzi wa Agosti 2022. Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots alivuma mtandaoni ajabu. Ahadi zake za kuuza bangi na sumu ya nyoka ng'ambo zilienea kila mahali, vijana wakasema, "Huyu jamaa atatushangaza!" Kura zilipohesabiwa alipata 61,969, yaani asilimia 0.44. William Ruto alipata 7,176,141 na hayati Raila Odinga 6,942,930.

Je, mamilioni hayo yalitoka wapi? Yalitoka hata kwa watu kama wa soko letu hapa Kithimani. Mama muuza nyanya na mzee mchunga mbuzi wana simu za kabambe. Hawaandiki lolote mtandaoni, lakini siku ya kura huamka alfajiri. Isitoshe, mtu mmoja aweza kuwa na akaunti tano, ila kura yake ni moja tu. Tena ukitazama video moja ya mgombea, mtandao hukuletea kumi zaidi, hata ukadhani Kenya nzima iko upande wako.

Walakini sisemi mtandao ni uongo mtupu. Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha mtandaoni, kisha wakatoka barabarani, na wengine wakapoteza maisha. Tarehe 26 Juni Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Hapo mtandao ulisema kweli, kwa kuwa waliosema ndio waliotoka.

Shida yetu ni kura. Kati ya wapiga kura 22,120,458 walioandikishwa mwaka 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Sasa tutamlaumu nani?

Wanachama wenzangu, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ukitimiza miaka 18, chukua kitambulisho, ujiandikishe, na siku ikifika usimame kwenye foleni nyuma ya yule mama wa nyanya. Yeye hana hata laiki moja, lakini sauti yake inahesabiwa.