UKIPUNGUZA WAFANYAKAZI, USIWASAHAU WANAOBAKI

Wafanyabiashara wenzangu, tukipunguza watu huwa tunapiga hesabu moja tu: mshahara tuliookoa. Mimi nasema kuna hesabu ya pili, na hiyo iko kwa waliobaki.

Ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Huku kwetu Mtinko alizeti ikiadimika, mwenye mashine ya kukamua aliyekuwa na vijana wanne anabaki na wawili. Hao wawili hawashangilii, wanatia maji! Mmoja anaanza kuulizia kazi Singida mjini. Mwingine anajiwekea akiba kwenye mafuta yako, lita moja leo, lita moja kesho. Na kazi ya watu wanne ni yao sasa: kupokea magunia, kukamua, kuchuja, kupima, kufunga mashudu. Mshahara uleule. Mteja akichoka kusubiri, anahamia kwa jirani.

Hata serikalini tuliona. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walipobainika kuwa na vyeti feki na kuondolewa, mzigo uliwaangukia walimu na wauguzi waliobaki. Pale sababu ilijulikana nchi nzima. Sembuse wewe unayemwondoa mtu usiku, asubuhi wenzake wanakuta hayupo?

Ukilazimika kupunguza, fanya hivi:

1. Ongea nao kabla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa na mshauriane kwanza. Waonyeshe hesabu. Huenda wenyewe wakapendekeza kupokezana zamu, asiondoke mtu.

2. Mlipe anayeondoka haki yake yote. Aliyetimiza mwaka anadai kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Usidhani unamlipa yeye peke yake. Waliobaki wanaangalia, wanajua na wao watatendewa hivyohivyo.

3. Punguza na kazi pia. Punguza saa, au acha huduma moja. Ukimwongezea mtu kazi, mwongezee na chochote.

4. Usiseme "hataondoka mwingine" kama huna uhakika. Sema unachokijua: "Hadi mwisho wa mwezi wa tatu mishahara ipo, baada ya hapo tutakaa tena."

Mshahara uliookoa unaujua hadi shilingi ya mwisho. Je, wanachowaza waliobaki unakijua? Kawaulize leo, kabla na wao hawajaja kuaga.