VITABU NYUMBANI: Kiboko Katika Riwaya Tatu

Mwezi uliopita nilisoma riwaya tatu: moja ya upelelezi, moja ya mapenzi, na moja ya majini na maajabu. Sikuzichagua kwa shabaha yoyote, ila kwa kuwa ndizo zilizokuwa na kurasa zote katika lundo la mwuza vitabu vikuukuu, upande wa Kenya wa mji wetu wa Busia. Nilipoimaliza ya tatu ndipo nilipotambua kwamba zote zinazunguka jambo moja linalowahusu sana ninyi mnaokaa kambini na sisi majirani zenu wa Tororo na Busia, nalo ni kipigo: nani anapigwa, kwa amri ya nani, na kipigo chenyewe kinazaa nini.

Niruhusuni nianze na ile ya upelelezi, maana najua katika nyumba za polisi ndiyo inayogombewa kuliko zote. Mzimu wa Watu wa Kale ni kazi ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi huko Unguja, aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum ubavuni, amejulikana kuliko wakuu wengi wa polisi wa kweli. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa ameuawa penye mzimu. Wenyeji wana jibu tayari: wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hana haraka nalo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alitoka saa ngapi, nani anafaidika marehemu akiondoka; anatazama vitu ambavyo macho ya wengine yameviruka. Sitamtaja mwuaji, kwani mwenye kuutangaza mwisho wa hadithi ya upelelezi hastahili kuazimwa kitabu tena.

Lililonipendeza ni kwamba Bwana Msa haupati ukweli kwa kumpiga mtu. Hana bunduki, hana cheo, hana chumba cha mahabusu. Ana masikio na subira. Mlinganisheni na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye vijana wengi wa kambini wanampenda zaidi. Katika Kikosi cha Kisasi, kitabu cha mwaka 1979, Gamba anapelekwa Kinshasa kupambana na maadui wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Siri aghalabu hupatikana baada ya mtu kuvunjwa taya, na wanawake wazuri humpenda shujaa kabla hajamaliza kinywaji chake cha kwanza. Nakisoma kwa furaha, sikatai. Ni kitabu cha safari ndefu ya basi. Lakini nikikifunga najiuliza, lau yule aliyevunjwa taya angekuwa siye, ingekuwaje? Sheria ya Uganda ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso inasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kumtesa mtu haupokelewi mahakamani. Bwana Msa aliishi kwa sheria hiyo miaka zaidi ya 50 kabla haijaandikwa, na kesi zake hazikuanguka.

Kasoro anayo mwandishi huyu, tena kubwa. Anapenda mno siri za nasaba: huyu kumbe ni mtoto wa yule, na yule kumbe ni ndugu wa huyu. Ukisoma vitabu vyake vitatu mfululizo, unaanza kuwashuku hata majirani zako kwamba ni jamaa zako waliofichwa.

Bwana Msa anauliza maswali yake kwa Kiswahili. Kwa msomaji wa Unguja hilo halina ajabu. Kwa msomaji wa Tororo ni ajabu kubwa, nami nitatoka kidogo nje ya vitabu nieleze sababu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kilikwisha kuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi ya ukoloni, na wazee wengi wa nchi hii waliyajua maneno machache tu: simama, lala chini, toa kitambulisho, twende. Waliyajifunza wakiwa wametetemeka. Ndiyo maana hata leo yuko mzazi anayesikia mtoto wake akisema Kiswahili, akadhani ametukanwa. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio ni mema, lakini hofu haitoki moyoni kwa azimio.

Sisi wa mpakani tulikuwa na bahati kidogo, kwani tulikuwa na Kiswahili kingine, cha bei. Msamia, Mteso na Mjapadhola hukutana sokoni Busia na kupatana kwa lugha hiyo, na hata boda boda, ambayo sasa imeenea Afrika Mashariki nzima, ilizaliwa papa hapa, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Basi tulikuwa na Kiswahili cha amri na Kiswahili cha bei. Kiswahili cha kumbembeleza mtoto alale na cha kumwandikia mchumba barua kiliadimika kwetu, nacho hicho nimekipata vitabuni.

Hayo yananipeleka kwenye barua, na kwenye riwaya ya mapenzi. Mama mmoja, mke wa askari wa hapa Tororo, ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 16. Msichana alikutwa na Rosa Mistika chini ya godoro. Baba yake alisikia ya kwamba ni kitabu kichafu, akavua mkanda, na kitabu chenyewe kikawekwa juu ya kabati kikingoja kuchomwa Jumamosi. Mama anauliza kama kitabu hicho chafaa kwa msichana.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alikitoa kitabu hiki mwaka 1971. Kwa muda kilizuiwa mashuleni huko Tanzania kwa sababu ya mambo yanayotajwa waziwazi ndani yake. Baadaye wakubwa wale wale wakakiweka miongoni mwa vitabu vya kufundishia. Rosa ni binti wa Zakaria, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi. Mvulana anampelekea Rosa barua ya mapenzi. Zakaria anaipata, na anampiga binti yake kipigo ambacho msomaji hakisahau. Tangu hapo Rosa hawezi hata kusimama na mvulana akaongea naye maneno ya kawaida. Anapofika katika shule ya bweni, mbali na jicho la baba, hajui lolote kuhusu wanaume ila hofu, na hofu ilipokwisha hakubaki na kitu cha kumlinda. Anaharibikiwa, anatoa mimba, anafika hata chuo cha ualimu akiwa na jina baya, na mwishowe, mchumba anapomkataa, anajiua.

Afande, wewe uliyekiweka kitabu juu ya kabati, nakuomba kwa heshima ya cheo chako na ya nyumba yako: kisome kabla hujakichoma. Si lazima ukimalize. Kisome mpaka pale baba anapoishika ile barua. Ni mwanzoni kabisa, hutachukua hata saa moja. Kisha utazame mkanda wako, uamue mwenyewe kama binti yako amesoma uchafu au amesoma habari ya nyumba anayoijua.

Nawe Mama, jibu langu ni ndiyo, chafaa, kwa masharti mawili. La kwanza, usimwache akisome peke yake gizani chini ya godoro. Ukisome nawe, mkiwa mnachambua mboga au mnapiga pasi, mzungumze. Yamo mambo ya mimba na ya kuitoa ambayo msichana wa umri huo atayasikia tu, ama kwako ama kwa mwenzake asiyejua kitu. La pili, umwambie kwamba mwandishi naye anaweza kukosolewa. Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu tulikibishania kitabu hiki mpaka taa zikazimwa. Wasichana wa darasa letu walilalamika kwamba Kezilahabi anampitisha Rosa mikononi mwa wanaume wengi kwa haraka mno, mmoja baada ya mwingine, hata moyo wake mwenyewe hatuuoni sawasawa. Na kwamba mwishowe yeye ndiye anayelipa, ilhali wengi wa wanaume hao wanakwenda zao. Niliwaona wana haki, na nikirudia kukisoma mwezi huu bado nawaona wana haki. Binti yako akikipinga kitabu kwa hoja, umshukuru Mungu.

Riwaya ya tatu ni ya kusomwa na nyumba nzima, kuanzia mtoto wa darasa la nne. Ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Watu wa forodha wa Busia na Malaba wajue kwamba mwandishi huyu ni mwenzao: alianza kazi katika forodha ya Tanganyika, huko Pangani, mwaka 1926, akaitumikia idara hiyo mpaka mwaka 1944. Tena hadithi yenyewe inaanzia kwenye kodi. Kodi ya Janibu imechelewa, na Mfalme Rai anamtuma kijana wake Ikibali akaulize kulikoni. Ikibali anapokelewa vizuri na Adili, mtawala wa mji. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwaendea manyani wawili, anawacharaza viboko, kisha anawakumbatia, anawalisha kwa mkono wake, naye analia.

Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa husuda, na jini Huria aliyemwokoa akawageuza wanyama, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Akiacha, adhabu itamrudia yeye. Basi huyu si mkatili wala si mlevi kama Zakaria. Ni mtu mwema aliyepewa amri, anayeitimiza amri hiyo machozi yakimtoka, usiku baada ya usiku. Nilipokuwa nikiwasomea watoto wangu sehemu hiyo, mdogo aliniuliza mbona anayepiga ndiye analia. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapendi kupiga, tukaendelea. Lakini naamini wako wasomaji wa ukurasa huu, wenye sare na wasio na sare, wanaoweza kumjibu vizuri kuliko mimi.

Mfalme Rai akiisha kuipata habari haongezi adhabu. Anawaombea wale wawili msamaha kwa jini, nao wanarudi kuwa watu. Hapo Shaaban Robert amenishinda, kwa kuwa ametambua ya kwamba Adili asingeweza kuacha peke yake; alihitaji mkubwa wa kuiondoa ile amri.

Ladha ya siri, hata hivyo, msiitazamie humo. Mwandishi anawapa watu wake majina yanayowasema kabla hawajafungua kinywa. Mtu aitwaye Hasidi akipanda jahazi na ndugu yake, mtoto yeyote anajua atakayetupwa baharini. Na sentensi ni ndefu, zenye kupambwa. Mkizisoma kwa sauti zinakwenda kama wimbo, mkizisoma kimyakimya mtasinzia.

Wiki ijayo nitaisema Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo kijana anatoka Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya akimtafuta baba yake. Na mwenye nakala ya Kisima cha Giningi, hicho kingine cha Bwana Msa, yenye kurasa za mwisho, tafadhali anijulishe kupitia kwa Mhariri. Yangu imekatika pale pale Bwana Msa anapoanza kueleza.