Pointi za Safari ya Umma Zirudi kwa Umma

Usiku wa bure katika hoteli ya nyota tano ni jambo la kutamanisha, na hakuna sababu ya kujifanya vinginevyo. Anayefikia Park Hyatt ya Zanzibar, pale Shangani, ambako sehemu ya hoteli ni jumba la kale la Mambo Msiige lililojengwa katikati ya karne ya 19, ana bahari mbele yake, Mji Mkongwe nyuma yake, na chumba ambacho bei yake ya usiku mmoja, kwa Watanzania wengi, inazidi kipato cha mwezi mzima. Ukiambiwa kwamba mgeni huyo amelipia chumba kwa pointi za mpango wa uaminifu wa hoteli bila kutoa hata shilingi, ni rahisi kumwona mjanja. Tathmini za malazi ya namna hii nazo huandikwa hivyo hivyo: kitanda kilikuwaje, kifungua kinywa kilikuwaje, wahudumu walikuwaje, na je, pointi zilizotumika zililingana na starehe iliyopatikana. Swali lisiloulizwa ni nani aliyezinunua pointi hizo. Mimi nashikilia kwamba pale ambapo ankara zilizozaa pointi zililipwa kwa fedha za umma, pointi ni za umma, na anayezitumia kwa mapumziko yake binafsi amechukua kisicho chake, hata kama hakuna sheria aliyoivunja.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayoonyesha fedha inakotoka. Hyatt humpa mwanachama wa kawaida pointi 5 kwa kila dola anayotumia hotelini. Marriott na Hilton, katika hoteli zao nyingi, hutoa pointi 10. Kwa jedwali la kubadilisha pointi kuwa malazi ambalo Hyatt ilitumia kwa miaka kadhaa, usiku wa msimu wa kawaida katika hoteli ya daraja la nne ulikuwa pointi 15,000, na katika daraja la juu kabisa, la nane, pointi 40,000. Maana yake ni kwamba mtu anayekusanya pointi kwa kulala na kulipa tu hana budi kutumia dola 3,000 ili apate usiku mmoja wa daraja la nne, au dola 8,000 ili apate mmoja wa daraja la nane. Hadhi za juu, zile zinazoleta kifungua kinywa cha bure na chumba kikubwa kuliko ulichoagiza, zinadai zaidi: Platinum ya Marriott inahitaji usiku 50 kwa mwaka, Globalist ya Hyatt usiku 60. Ni nani Afrika Mashariki anayelala hotelini usiku 50 kwa mwaka kwa fedha zake? Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo hutafuta chumba cha bei nafuu, kwa sababu kila dola anayoiacha hotelini inatoka kwenye faida yake. Wapo wachache wenye uwezo. Lakini sehemu kubwa ya usiku hizo huwa ni za watu waliotumwa: maofisa wa serikali na mashirika ya umma, watumishi wa miradi ya wafadhili, wajumbe wa kamati na bodi.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, kwani mipango hii ilibuniwa kwa ajili ya watu hao. American Airlines ilianzisha AAdvantage, mpango wake wa maili (pointi za ndege), Mei 1981, na kufikia 1983 Holiday Inn na Marriott walikuwa wamefuata kwa upande wa hoteli. Mteja aliyelengwa alikuwa msafiri wa kikazi, yaani mtu anayechagua hoteli lakini halipi yeye. Mtu wa namna hiyo havutwi na punguzo la bei, kwa kuwa punguzo linabaki kwa mwajiri wake. Anavutwa na kitu kitakachofika mikononi mwake. Mwenye fedha akikosekana mezani, aliyetumwa hana sababu ya kubishana juu ya bei. Ana sababu, tena nzuri, ya kurudi kwenye hoteli zile zile ambako akaunti yake inanona. Ndiyo maana siwezi kuuita mpango huu asante ya kawaida kwa mteja. Ni malipo kwa mtu anayefanya uamuzi, na yamepangwa yasimfikie anayegharamia uamuzi huo.

Penye warsha na makongamano ndipo tatizo linapokuwa wazi zaidi. Chukua mkataba wa ukumbi katika hoteli ya kimataifa. Juu kuna jina la taasisi inayolipa, anwani yake na namba yake ya mlipakodi. Chini kuna idadi ya washiriki, vyumba, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, projekta na vipaza sauti. Kisha inakuja nafasi ya kujaza namba ya uanachama ya mratibu wa shughuli. Hapo ndipo pointi za tukio zima zinapoelekezwa. Marriott imekuwa ikitoa pointi 2 kwa kila dola hadi kikomo cha pointi 60,000 kwa tukio kwa mwanachama wa kawaida. Hilton pointi 1 kwa dola hadi 100,000. Tuseme warsha ya siku tatu imegharimu dola 30,000. Kwa kanuni hiyo ya Marriott, mratibu anaondoka na pointi 60,000, kiasi ambacho kwa kulala na kulipa angekipata baada ya kutumia dola 6,000. Hakulipa chochote, alijaza namba tu. Sasa mpe mratibu huyo achague kati ya hoteli hiyo na ukumbi wa chuo cha serikali ambao ni wa bei ya chini na hauna pointi, halafu utuambie kwa uhakika kwamba uamuzi wake haukuyumba. Afisa ugavi akipewa fedha na mzabuni, sote tunaijua ile asilimia kumi ya rushwa. Fadhila hiyo hiyo ikipitia kwenye programu ya simu, tunaiita uaminifu wa mteja.

Nchi nyingine zimekwisha kulipitia suala hili hadharani. Ujerumani, katika kiangazi cha 2002, gazeti la Bild lilichapisha majina ya wanasiasa waliotumia kwa safari binafsi maili za Lufthansa walizozipata katika safari za kikazi. Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa jiji la Berlin. Cem Özdemir, aliyekuwa nyota inayochomoza ya chama cha Kijani, aliachia nafasi yake ya usemaji wa masuala ya ndani wa kundi la wabunge wa chama hicho, akakaa pembeni kwa muda kabla ya kurudi na hatimaye kuwa waziri mwaka 2021. Hakuna aliyesema wamevunja hazina. Wananchi walisema tu kwamba tiketi ililipwa na wao, basi na matunda ya tiketi ni yao. Uingereza, kanuni za maadili ya mawaziri zimeandika kwamba maili na manufaa mengine yatokanayo na safari zilizolipwa na umma yatumike kwa shughuli rasmi au yaachwe, na yakishindwa kutumika rasmi waziri anaweza kuyatoa kwa shirika la hisani. Hayo ni maneno machache, na yanatosha.

Kwetu msingi wa kisheria upo, ila haujaelekezwa huku. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na ikabidhiwe kwa serikali isipokuwa Bunge limeweka msamaha kwa sheria. Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 nayo inamtaka kiongozi atamke zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa. Atakayedai kwamba pointi si zawadi anasema kweli kwa namna fulani, lakini ukweli huo unamwelemea zaidi. Kwa mujibu wa kanuni za uhasibu zilizoanza kutumika 2018, za kimataifa na zile pacha zake za Marekani, kampuni inapouza chumba chenye pointi hairuhusiwi kuhesabu bei yote kuwa mapato. Sehemu ya bei hutengwa kama deni mpaka pointi zitumike. Mwishoni mwa 2022 deni la Marriott la aina hii lilikuwa zaidi ya dola bilioni 6. Vitabu vya hoteli vyenyewe basi vinakiri kwamba pointi zimekwisha kulipiwa ndani ya ankara. Ni chenji, na mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani anajua chenji ni ya nani.

Lipo jibu linalotolewa kwa uchungu, na linastahili kusikilizwa. Msafiri wa kikazi huacha watoto nyumbani, hulala vitanda vya ugenini, hukosa misiba na harusi, hupanda ndege za alfajiri; pointi ni kifuta jasho. Sikatai jasho hilo. Lakini mfumo wetu una kifuta jasho chake tayari, kinaitwa posho, na kina viwango vilivyoandikwa ambavyo mkaguzi anaweza kuvisoma. Kama viwango havitoshi, hoja iende bungeni vipandishwe mchana kweupe. Tena haki hiyo ya uchovu haigawanywi sawa: dereva aliyeendesha gari usiku kucha kutoka Dodoma hadi Mbeya na kulala nyumba ya wageni hapati pointi hata moja, ilhali mkubwa aliyelala kwenye hoteli ya kimataifa anazipata zote. Malipo yanayoongezeka kadiri hoteli inavyokuwa ghali hayawezi kuitwa fidia ya taabu.

Hoja ya pili ni ya utekelezaji. Masharti ya mipango hii husema akaunti ni ya mtu binafsi, na kufuatilia pointi za kila mtumishi kunaweza kugharimu kuliko pointi zenyewe. Marekani ilikubaliana na hoja hiyo: kabla ya mwisho wa 2001 maili za safari za serikali zilihesabiwa mali ya serikali, kisha Bunge lao likapitisha sheria Desemba mwaka huo na kuwaruhusu watumishi wabaki nazo. Huo ni mfano mzito, lakini unaonyesha kwamba ni vigumu kukusanya pointi, hauonyeshi kwamba ni lazima kuzigawa. Njia rahisi ni kutozizalisha kabisa. Taasisi inayolipa inaweza kuandika katika oda ya huduma kwamba malazi na kumbi zake hazitaambatanishwa na namba ya uanachama ya mtu yeyote, na badala yake idai punguzo la bei. Hoteli inayojiunga na chapa ya kimataifa huchangia makao makuu fedha kwa ankara za wageni wanachama. Pasipo pointi kuna nafasi ya kujadiliana bei. Serikali ni mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa akisema, hoteli husikiliza.

Wengine watasema kiasi chenyewe ni kidogo mno kulinganisha na mikataba mibovu na madini yanayotoroshwa. Ni kweli ni kidogo kikihesabiwa kwa mtu mmoja mmoja. Hasara kubwa, hata hivyo, haiko kwenye pointi. Iko kwenye maamuzi ambayo pointi zinayasukuma: hoteli ya dola 180 badala ya ya dola 90, warsha ya siku tano ambayo ingekwisha kwa mbili, ukumbi wa kukodi wakati wa serikali uko wazi. Tanzania ilipoingia awamu ya tano ya uongozi mwishoni mwa 2015 ilibana safari za nje na kutaka vikao vifanyike kwenye kumbi za serikali. Kenya ilisitisha safari za nje zisizo za lazima Oktoba 2023. Hatua hizo zilipunguza safari kwa amri, na amri huchoka. Kinachowafanya watu wapende safari na hoteli ghali kilibaki palepale.

Nakiri mipaka ya hoja hii. Mtumishi anayepewa posho ya kujikimu mkononi, kisha akaamua mwenyewe alale wapi, amelipa kwa fedha ambayo imekwisha kuwa yake, na pointi zake ni halali. Mfanyakazi wa kampuni binafsi ana mwajiri anayeweza kukubaliana naye apendavyo. Ninachozungumzia ni ankara inayokwenda moja kwa moja kwa taasisi ya umma, na mkataba unaosainiwa kwa niaba ya wananchi.

Kwa ankara hizo, mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri sheria mpya. Kwanza, maofisa masuuli watoe waraka unaozuia pointi za matukio kuingia kwenye akaunti ya mratibu, kwa sababu hapo mgongano wa maslahi hauna mjadala. Pili, pale pointi zinapopatikana bila kuepukika, zitumike kwa safari rasmi inayofuata au ziachwe, kama mawaziri wa Uingereza wanavyotakiwa. Tatu, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nchini Tanzania, na mwenzake wa Kenya, waweke swali moja katika ukaguzi wa matumizi ya safari na makongamano: namba ya uanachama iliyoandikwa kwenye mkataba huu ni ya nani? Swali hilo halihitaji kompyuta mpya wala bajeti ya ziada. Likianza kuulizwa mwaka huu wa fedha, waratibu wengi wataacha nafasi hiyo wazi wenyewe, na taasisi zitaanza kuchagua hoteli kwa bei na ubora wake.