UConn yaipiga Marquette 73-57, mashabiki wabishana

Ubao ulisoma 73-57. Mwaka 2024 UConn ilibeba taji la michuano ya Big East pale Madison Square Garden, New York, la kwanza tangu 2011.

Gumzo lilikuwa Donovan Clingan. Jitu hilo la mita 2.18 lilimaliza na pointi 22 na ribaundi 16. Kufunga mbele yake ilikuwa kazi kweli kweli.

Lakini walikuwepo waliosema tulieni kwanza: Marquette ilimkosa mpishi wake wa pasi, Tyler Kolek, ambaye alikuwa majeruhi. Wenzao walijibu kwamba Februari 17 Kolek alikuwepo, na kipigo kikawa kikubwa zaidi, 81-53.

Hoja nzito ilikuwa nyingine. Siku tatu tu baada ya ushindi huo wa Februari, UConn hiyo hiyo ilienda Omaha ikachapwa 85-66 na Creighton.

Wakati huo yalikuwa yanakuja mashindano ya taifa, ambako ukifungwa mara moja unafungasha virago. UConn ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi, na hadi wakati huo, tangu Florida mwaka 2007, hakuna timu ya wanaume iliyokuwa imetetea taji hilo. Usiku mmoja kama ule wa Omaha ungetosha kuharibu kila kitu.